Picha Tatu Ndani ya Fremu Moja

9 Februari 1975

Dada yangu,

Pokea salamu zangu, na umpe Mama zake kabla hujampa mtu mwingine, maana akisikia nimemtanguliza shemeji atanuna hadi jioni. Shemeji naye msalimu, na watoto, na cherehani yako, ambayo shemeji husema uliolewa nayo kwanza yeye akaja wa pili. Mimi ni mzima. Kifua kinakohoa kidogo, lakini kila mpaka rangi hapa anakohoa, na asiyekohoa tunajua ni mvivu. Wiki hii tunakwangua meli ya nafaka iliyopandishwa chelezoni, pale meli zinapotolewa majini ili zitengenezwe. Ukiibandua kutu unakuta rangi, chini ya rangi kuna kutu nyingine. Tukimaliza itarudi baharini ikaote nyingine, nasi tutapata kula.

Sasa nisikilize. Mbele ya lango letu la kazini chama cha mabaharia kinajenga ukuta wa mawe. Watachonga majina ya mabaharia wa meli za mizigo waliozama wakati wa vita, kila mtu chini ya meli yake. Niliposikia nikavua ovaroli, nikanawa mikono kwa mafuta ya taa, nikaenda ofisini kwao kumwandikisha Baba. Nikamkuta mzee mmoja wanamwita Nanga, kwa kuwa akishakaa hakuna wa kumng'oa. Akaniuliza, "Baba yako alizama na meli gani?" Dada, mtu mzima, riziki yangu ni meli, na ya baba yangu siijui.

Ninachokumbuka ni kile ulichonisimulia wewe: alikwenda kuchochea makaa melini mimi nikiwa tumboni, vita vikapamba moto, hakurudi. Mama hajawahi kuitaja meli hata kwa bahati mbaya. Ninayo nakala ya ile fremu ya chumbani kwake, niliyoipigisha kabla sijaondoka, yenye picha zote tatu: Baba na wachochea makaa wenzake, kila mtu na beleshi lake; meli nzima kutoka gatini; na ile ya Baba peke yake, anacheka. Jina la meli halionekani popote. Wakati wa vita meli zote zilipakwa kijivu na majina yakafunikwa ili adui asizijue.

Muulize Mama. Orodha ya majina ya ukutani itafungwa kabla ya mwaka kwisha.

Mdogo wako wa baharini

*

2 Machi 1975

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezigawa kwa mpangilio ulioutaka, Mama kwanza, cherehani mwisho. Shemeji yako anasema ukikohoa unywe maji ya moto, na ukiendelea kukohoa uoe. Watoto hawajambo ila wa kati amepasua suruali ya shule magotini mara ya pili, ni kama anatembelea magoti. Mama miguu inamvimba. Siku hizi anashinda dirishani kwenye kiti cha mgongo mrefu, anahesabu wapita njia na kuwasema mmoja mmoja.

Barua nilimsomea mchana, nyumba ikiwa tupu. Nilipofika kwenye ukuta akaniambia rudia. Nikarudia. Akasema, "Meli siijui jina. Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na meli." Nikadhani yamekwisha. Nilipoinuka akanishika kanga na kusema, "Lakini mwambie amwandike."

Tangu siku hiyo ananiuliza kila asubuhi kama fundi wa mawe ameanza. Unajua alivyoishi huyu mama. Mjane asiye na kaburi la kulifagia. Unamkumbuka Mama Madirisha wa nyumba ya pili, aliyekuwa hachoki kuchungulia? Alikuwa akisema kwa sauti, nasi tukipita, kwamba wanaume wa meli hawazami, hutulia ng'ambo. Mama aliacha kumsalimu mpaka yule bibi akafa, na hata mazishini alikaa nyuma kabisa. Wanaoishi mtaani leo ni watoto wa wale waliomcheka, na bado akipita anajua wanachorithishana.

Anataka jina liwe juu ya jiwe kabla hajaondoka. Hilo tu. Hajawahi kuniomba kitu kikubwa, na sasa anaomba kitu kimoja, nacho kiko kwako. Fanya uwezalo, ila usimwahidi jambo ambalo hujalishika mkononi.

Dada yako, anayekuombea kifua

*

23 Machi 1975

Dada,

Hamjambo wote? Mwambie shemeji maji ya moto ninakunywa, hilo la pili anipe muda. Hapa tumemaliza meli ya nafaka, tumeingia kwenye tishali bovu la kuvushia mizigo, ambalo hata rangi inaona aibu kulikaa.

Nina habari, ya nusu nzuri. Kila Jumapili nimekuwa nikienda kwa Nanga. Mzee ana kioo cha kukuzia na albamu nene za picha za meli, na hana mtu wa kuzitazama naye. Tuliiweka nakala yetu mezani tukaikodolea macho hadi yakatoka machozi. Mimi nilitazama mikono ya Baba, Nanga akanigombeza: "Baba yako utamtazama baadaye, sasa tazama chuma." Basi nikatazama chuma. Ile meli omo yake, yaani pua ya mbele, imenyooka wima, haikulala mbele kama za siku hizi. Chumba cha usukani kimejengwa mbali na dohani, lile bomba la moshi, na katikati yao kuna mlango wa shehena. Nanga anasema meli za namna hiyo zilikuwa chache, na zenye madirisha ya duara yaliyopangwa mawili mawili zilikuwa mbili tu. Pacha, zilizoundwa kwenye chelezo kimoja. Majina yao ni ya kigeni, ulimi unajikwaa, kwa hiyo sisi tunaziita Kurwa na Doto.

Kurwa ilipigwa ikazama, hakupona hata paka. Kaka yake Nanga alikuwa humo, ndiyo maana mzee hang'oki pale ofisini. Doto ilivuka vita vyote bila kukwaruzwa.

Tofauti yao ni moja. Doto ilirefushwa dohani kwa sababu moshi ulikuwa ukimsumbua nahodha. Ukiitazama kwa ubavu, dohani ya Doto inapita ncha ya mlingoti wa nyuma. Ya Kurwa haifiki. Na hapo ndipo marehemu Baba mdogo alipotukomoa. Fundi fremu wa kusifiwa, alikata kadi moja nene akaitoboa madirisha matatu, akazipachika picha nyuma yake, na dirisha la picha ya meli likaikata dohani shingoni. Ncha iko chini ya kadi. Haizidi upana wa kidole.

Kwa hiyo kazi ni ndogo. Teremsha fremu, ng'oa vimisumari vya nyuma, inua kadi, tazama. Inafika au haifiki. Nanga anaamini kabisa ni Kurwa. Anasema Baba ana sura ya mtu aliyekula sahani moja na kaka yake. Chama hakitaki zaidi ya neno letu na picha.

Nasubiri.

Mdogo wako

*

18 Mei 1975

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua zilitushika, paa likavuja juu ya vitambaa vya watu, nikashinda nikianika. Halafu sare za shule, halafu homa ya mtoto, halafu nikawa najiambia kesho. Sote tu wazima sasa. Mama miguu vilevile.

Ile kazi yako ndogo haijafanyika. Nilipanda juu ya stuli kuiteremsha fremu, Mama akaniuliza kutoka dirishani nataka nini ukutani. Nikamweleza kama ulivyonieleza, pacha, dohani, kidole. Alinisikiliza hadi mwisho bila kukohoa. Kisha akasema fremu hiyo haifunguliwi yeye akiwa hai. Nikamwambia, Mama, ni kuitazama tu, nitairudisha kama ilivyokuwa. Akasema, "Mimi nimeitazama vya kutosha."

Sikumbishia. Wewe hukuwepo, usinicheke. Unajua ana sauti ile ambayo hata Baba mdogo alikuwa akiisikia anaweka nyundo chini.

Sasa nikuulize mimi. Huyo Doto, aliyevuka vita, watu wake walikwenda wapi?

Jirani zetu wa upande wa karakana wamehama. Kuna utulivu, lakini utulivu wenyewe naona hauninogei.

Dada yako

*

8 Juni 1975

Dada,

Natumaini paa limezibwa na homa imekwisha. Mimi sijambo, ila hasira ninazo, na bora nikuandikie nikiwa nazo kuliko nikae nazo.

Uliniuliza watu wa Doto. Nilimuuliza Nanga. Vita vilipokwisha meli iliingia bandari moja ya mbali, mabaharia wakalipwa, kila mtu akapewa ruhusa ya kurudi kwao. Aliyetaka kurudi alirudi. Kwa hiyo kama Baba alikuwa kwenye Doto, basi Baba. Unaona, siwezi kuimaliza sentensi hiyo, na sitaki uimalizie.

Ndiyo maana nataka ile dohani. Nimekua nikitazama picha ya mtu anayecheka, nikijiambia laiti angeniona. Mimi sikuwahi kuitwa na mtu "mwanangu" kwa sauti nene. Nilijifariji kwamba hakuweza. Naomba nijue kwamba hakuweza. Hili si la Mama peke yake.

Wewe unafumua mishono ya watu wote wa mji huo kwa kucha, leo unashindwa na vimisumari vinne? Subiri alale usingizi wa mchana. Fundi wa mawe amefika herufi za katikati, na Nanga ametuwekea nafasi chini ya Kurwa, baada tu ya kaka yake. Hawezi kuishikilia milele.

Msalimu Mama. Usimwambie nimeandika kwa ukali.

Mdogo wako

*

17 Agosti 1975

Mdogo wangu,

Salamu ni za shemeji yako na watoto. Barua yako ya ukali niliipokea, nikaisoma, nikaikunja. Sikujibu kwa sababu Mama alianguka. Alikuwa anatoka kitini, mguu ukamkatalia. Mdomo umekwenda upande, na mkono wa kulia haufungi kanga tena. Daktari anasema tumshukuru Mungu anameza. Ninamlisha kwa kijiko. Maneno anayatoa mojamoja, na akikosa moja ananitazama kama mimi ndiye niliyeliiba.

Cherehani imefunikwa. Wateja wameanza kwenda kwa yule bwana wa mtaa wa nyuma, anayeshona mikono ya shati kama miguu ya suruali. Watajua wenyewe.

Juzi Mama alinionyesha fremu kwa kidevu. Nikadhani anataka niiteremshe. Akatikisa kichwa. Ilimchukua muda mrefu kulitafuta neno, na alipolipata alilisema mara tatu ili nisikosee.

Mama anasema nikuandikie: haifiki.

Basi, nimekuandikia. Usiniulize swali jingine kuhusu fremu. Na kama unaandikisha, andikisha haraka.

Dada yako

*

12 Oktoba 1975

Dada yangu mpenzi,

Mpe Mama mkono kwa niaba yangu, umshike ule wake wa kushoto unaosikia. Mwambie imekwisha kazi.

Barua yako niliipeleka kwa Nanga siku ileile, bado nina rangi masikioni. Nikamwambia, haifiki. Mzee alitoa leso akajifuta uso wote, shingo na masikio, kama mtu aliyetoka kuoga. Kisha akaniita "mwanangu". Nilikuwa nimekuandikia kwamba sikuwahi kuitwa hivyo, na huyu hapa ananiita.

Ukuta umefunguliwa Jumamosi. Jina la Baba liko kwenye jiwe la tatu, chini ya Kurwa, linafuata la kaka yake Nanga. Baada ya fundi kuchonga, chama kiliomba mpaka rangi wa kutia rangi nyeusi ndani ya herufi ili zisomeke kwa mbali. Kumbe nani mwingine? Nilichukua brashi nyembamba kuliko zote, ile tunayoandikia alama za kina cha maji. Nimepaka meli nyingi, dada, lakini jina la baba yangu ndiyo kazi ya kwanza niliyoifanya na kurudi kinyumenyume kuitazama.

Msomee Mama polepole. Mwambie liko mahali pa kupigwa na jua la asubuhi, na wafanyakazi wote wanapita hapo wakiingia kazini, hakuna asiyelisoma. Mwambie jirani yeyote mwenye shaka apande gari aje asome.

Jambo moja tu nataka kuuliza, halafu basi. Uliandika, Mama anasema haifiki. Hukuandika, nimeona haifiki. Nilisoma vizuri wakati ule, lakini nilikuwa na haraka. Labda ni namna yako ya kuandika tu.

Mdogo wako, mwenye furaha

*

30 Novemba 1975

Mdogo wangu,

Simu ya kifo uliipata, najua, na najua ilikukuta meli iko nusu na ruhusa ya kusafiri hakuna. Usijilaumu. Tulimzika mchana, watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Walikuja hata wale wa nyumba ya pili, watoto wa Mama Madirisha. Walinipa pole ya kufiwa na mjane wa baharia aliyezama. Walitamka hivyo hivyo, kila neno. Shemeji yako alikuwa ameshawasimulia mtaa mzima habari za ukuta.

Sasa nikueleze mwisho wake, kwa sababu ni haki yako.

Barua ya ukuta nilimsomea. Ile sehemu ya brashi nyembamba aliitaka mara mbili. Nilipomaliza alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, bila kutafuta neno hata moja, "Basi sasa amekufa."

Nikamwambia, Mama, alikufa zamani. Akanitazama kama anavyotazama mtoto aliyejibu hesabu vibaya. Akalala. Toka hapo hakuniuliza tena jambo la dunia hii, na baada ya majuma machache akaondoka. Sikuona uso wake umetulia hivyo tangu nipate akili. Nataka ukumbuke hilo kabla hujaendelea kusoma.

Wewe ulikuwa mdogo mno, hujui. Mimi nakumbuka siku bahasha ilipofika. Watu walikuwa wameshashangilia mwisho wa vita na wameacha, hata bendera za karatasi zilishachakaa mtaroni. Ilikuja bahasha, ndani mkawa na picha moja, hakuna barua. Mama aliigeuza nyuma, hakuna neno. Akaigeuza tena, kama neno litakuwa limeingia. Kesho yake alinishika mkono tukaenda kwa Baba mdogo, na zile mbili za zamani alikuwa amezifunga kwenye kitambaa. Akamwambia aziweke zote ndani ya fremu moja. Baba mdogo akaishika ile mpya, akaitazama muda mrefu, akamuuliza, "Hii nifunike nini?"

Mama akasema, "Vyote. Niachie uso."

Tulipofika nyumbani aliniambia, Baba alizama. Nilikuwa mtoto, mkono wangu ulikuwa mkononi mwake. Nikasema ndiyo Mama.

Uliniuliza dohani nikakujibu anachosema Mama. Wakati ule hukuniuliza kama nimeona, na nilishukuru; baadaye ukauliza. Jana nimeiteremsha fremu, vimisumari vilitoka kwa kucha, ulisema kweli. Nimekuwekea humu ile picha ya tatu. Mimi sijui kusoma meli, na ninachokijua cha siku ile kinanitosha. Wewe ndiye mpaka rangi. Ukishaitazama, usiniandikie ulichokiona.

Ukutani pamebaki mraba mweupe, rangi ya zamani. Shemeji yako anataka tutundike saa. Nimemkatalia kwa sasa.

Dada yako

*

11 Januari 1976

Dada yangu,

Salamu kwa wote. Nimefurahi kusikia kwa shemeji kwamba umeifunua cherehani. Mimi nipo. Kukohoa kumepungua, au nimezoea.

Umeniambia nisikuandikie nilichokiona, na nitajaribu. Lakini sina mwingine wa kumwandikia, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Tangu utoto nilizisoma zile picha tatu kama safari moja kwa sababu zilikaa ndani ya fremu moja. Baba na wenzake, meli, kisha Baba anatuaga akicheka. Nikawa mtu mzima, nikajifunza kazi ya rangi, nikajua kuitazama meli nikakwambia ilipakwa mwaka gani na kwa haraka kiasi gani, na bado ile fremu niliendelea kuisoma kitoto. Ingetosha niinue kadi moja tu.

Nyuma ya Baba kuna mlango mweupe. Wakati wa vita hakukuwa na mlango mweupe baharini, dada. Dohani ina mkanda mweupe wa kampuni, umepigwa juzijuzi, bado una mng'ao, hata kingo zake hazijashika masizi. Ni ndefu, imetokeza nje ya picha. Na kwenye boya lililotundikwa kando ya bega lake limeandikwa jina la Doto, wazi, herufi ambazo hata mtoto wako wa kati angezisoma. Mikono ya Baba ni misafi. Amevaa shati la kwenda mjini.

Alikuwa haagi mtu. Vita vimekwisha, amelipwa, na meli iko bandarini. Ndicho anachokichekea.

Nimeudhika nikaona nimchane. Nimemhurumia. Nimejiambia huenda aliugua njiani, huenda alikuwa na sababu, nimezitengeneza sababu hadi zimekwisha. Kwa nini atume picha bila neno sijui, na sasa hakuna wa kumuuliza. Wa mwisho aliyejua uzito wake tumemzika. Huenda bado yu hai mahali, mzee, anaota jua. Najikuta natazama wazee bandarini. Naomba niache, lakini siachi.

Kuhusu jina. Nilikwenda ukutani na picha mfukoni. Nilidhani nitawaambia wachonge lingine au wafute hilo. Lakini rangi ndiyo hufutwa kwa kitambaa, jiwe halifutwi ila kwa patasi, na wangeuliza kwa nini, na habari ingewafikia huko nyumbani kabla udongo wa Mama haujashikana. Tena kila jina lililo juu yake na chini yake ni la mtu aliyekufa kweli, kwenye maji baridi, na ndugu zao huja kuyagusa. Baba yetu amelala katikati yao bila kulowa. Nimeliacha. Kila asubuhi naingia kazini nikitazama upande wa pili.

Nanga ananingoja pale kila Jumapili na chupa ya chai. Amekuwa mtu wangu, nikikosa kwenda anatuma mtu kuniulizia. Anasema baba yangu na kaka yake walikufa bega kwa bega, kwa hiyo mimi na yeye ni ndugu, na akifa nimzike mimi. Nimemkubalia. Jumapili iliyopita alikuwa akiilowesha leso kwa mate na kufuta vumbi kwenye herufi za kaka yake, akamaliza, akaendelea na za Baba. Akaniambia picha zote alizobaki nazo za kaka yake amekunja uso, jua lilikuwa linamchoma. Akaniuliza kama mimi ninayo ya Baba hata moja akicheka.

Ilikuwa mfukoni mwa shati. Nikamwambia hatuna.

Mdogo wako